Bletchley: Mahali kompyuta kuukuu zinapopewa kumbukumbu mpya

Ukijaliwa kufika London, usidhani umeimaliza Uingereza kwa kuutazama mto Thames na kupigwa picha mbele ya ile saa kubwa. Nenda stesheni ya Euston, upande garimoshi la kuelekea kaskazini, na kabla ya saa moja kutimia utakuwa umeshuka Bletchley, mji ambao siku hizi ni sehemu ya Milton Keynes. Si mji wa fahari. Hauna ngome wala pwani. Lakini mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni kuna uwanja mpana wenye jumba la kitajiri, ziwa dogo na majengo ya wakati wa vita yaliyotapakaa huku na kule. Hapo ndipo Bletchley Park, mahali ambapo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walikesha wakifumbua barua za siri za adui katika Vita vya Pili vya Dunia.

Tahadhari moja kwanza, msomaji. Ndani ya uwanja huo mna makumbusho mawili, na kila moja lina kiingilio chake. La kwanza husimulia habari za wafumbuzi wa siri. La pili, ambalo ndilo lililotuleta, ni Makumbusho ya Kitaifa ya Kompyuta, yaliyomo katika jengo liitwalo Block H. Wapo wageni wanaochoshwa na lile la kwanza wakarudi London bila kuliona la pili. Wewe usifanye hivyo, hasa ukiwa umefuatana na watoto. Aidha, uliza mapema siku za kufunguliwa, kwa maana makumbusho haya mawili hayafuati ratiba moja.

Na kabla hujaingia, fahamu kwamba habari za hapa zinatuhusu hata sisi wa Kenya. Mwaka 1942, meli za kivita za Japani zilipotishia Colombo, kikosi cha Waingereza kilichokuwa kikisikiliza mawasiliano ya Wajapani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa. Kilifanya kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram, yanayotazama Bahari ya Hindi. Humo, mbali kabisa na baridi ya Bletchley, ndimo ulimovunjwa msimbo ulioitwa JN-40, ambao Wajapani waliutumia kwa meli zao za biashara. Kikosi kilirudi Colombo mwaka 1943, nayo shule ikaendelea na historia yake. Mwanafunzi wa Mombasa anayezuru Bletchley ana haki ya kujiona yuko kwa jamaa.

Utepe uliokwenda mbio

Ukiingia Block H, mngurumo utakupokea. Ni wa Colossus, mashine yenye ukubwa wa chumba, iliyobuniwa na Tommy Flowers, mhandisi wa shirika la posta, na kuanza kazi hapa Bletchley mapema mwaka 1944. Itazame vizuri sehemu ya magurudumu. Colossus haikuwa na mahali pa kuuweka ujumbe mzima ndani yake. Ujumbe ulitobolewa kwenye utepe wa karatasi, ncha mbili zikagundishwa pamoja, kisha utepe ukazungushwa ukisomwa kwa mwanga, herufi 5,000 kila sekunde. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ule utepe. Ukikatika, kazi imekatika.

Lakini mashine unayoiona si ile ya vitani. Zile za asili zilivunjwavunjwa baada ya vita na michoro yake ikachomwa, kwa sababu ya siri. Hii iliundwa upya na Tony Sale pamoja na wenzake kuanzia mwaka 1993, wakiwa na picha chache na vipande vya michoro ambavyo wahandisi wa zamani walivibakiza. Iliwachukua takriban miaka 14. Hebu fikiri: kazi ambayo wakati wa vita ilikamilishwa kwa miezi, ilihitaji miaka 14 kurejeshwa kwa kuwa waliokuja nyuma hawakuachiwa maandishi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa utaziona gharama za daftari kuchomwa.

Ukisonga mbele utakutana na mashine nyingine iitwayo WITCH, yenye uzito wa tani 2.5, iliyoanza kazi mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa atomiki cha Harwell. Ilifufuliwa mwaka 2012. Watoto huipenda kwa sababu kumbukumbu yake huonekana kwa macho. Kila tarakimu imo ndani ya kitaa cha kioo, na nukta ya mwanga wa rangi ya machungwa huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine mashine inapohesabu. Ukimwuliza mtoto kumbukumbu ya kompyuta ni kitu gani, hapa atakuonyesha kwa kidole.

Darasa la mwaka 1982

Hatimaye utafika katika chumba kilichopangwa kama darasa. Mna kompyuta za rangi ya maziwa zenye vitufe vyeusi na vyekundu, na wageni huruhusiwa kuzigusa. Hizo ni BBC Micro, zilizotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge kuanzia mwishoni mwa mwaka 1981 ili kuandamana na vipindi vya televisheni vya kuwafunza Waingereza kompyuta. Zilijaa shuleni kote nchini humo. Kumbukumbu yake ilikuwa KB 32 tu. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kutoshea humo hata ikipunguzwa mara 50. Hata hivyo usiidharau. Wahandisi wa Acorn ndio waliobuni chipu ya kwanza ya ARM, iliyowashwa mwaka 1985, na huenda hata simu uliyo nayo mfukoni inaendeshwa na chipu ya ukoo huo.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Kompyuta ya aina hii ikizimwa husahau kila kitu. Ulichokiandika ulilazimika kukihamishia mahali pengine. Wenye fedha chache walitumia kaseti, zile zile za kurekodia muziki. Kwa kaseti, BBC Micro ilisoma herufi zipatazo 100 hivi kwa sekunde, yaani haikufikia hata sehemu moja katika 40 ya mbio za utepe wa Colossus. Wenye uwezo walinunua mashine ya disketi, zile disketi laini za inchi 5 na robo zilizokunjika ukizishika vibaya. Upande mmoja wa disketi ya njia 80 ulibeba KB 200, na orodha yake haikuweza kupokea zaidi ya faili 31.

Kaseti na disketi hizo ni sumaku iliyopakwa juu ya plastiki. Miaka inapopita, sumaku hufifia, ukungu huota, na gundi huachia. Mashine za kuzisomea nazo huzeeka: mikanda ya mpira hulegea na vichwa vya kusomea hushika uchafu. Kompyuta yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa, ikawaka na kulia mlio wake wa asubuhi, lakini isipate cha kusoma. Ni kama mzee mwenye akili timamu aliyepofuka macho.

Kadi ya simu yaingia darasani

Ndipo wapenzi wa kompyuta kuukuu walipobuni njia. Kwa nini kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ile unayoitia katika simu au kamera, isichukue nafasi ya disketi? Kinachohitajika ni adapta ya kusimama kati ya hao wawili, mkongwe na kijana, ili waelewane.

Kuna aina mbili hasa za kazi hii, na ni vyema uzitofautishe. Ya kwanza ni nyepesi. Kadi kubwa kidogo iitwayo CompactFlash, iliyotolewa na SanDisk mwaka 1994, iliundwa ikijua kuzungumza kama diski kuu ya kompyuta za wakati huo. Kwa hiyo ukitaka kuitia katika kompyuta ya DOS ya miaka ya 1990, au katika Amiga 1200 ya mwaka 1992, adapta yake ni nyaya tu zilizopangwa upya. Tatizo huja kwenye ukubwa. Kompyuta nyingi za zamani za DOS hazikuweza kuhesabu zaidi ya baiti milioni 528 za diski. Ukizipa kadi ya GB 4, nyingine zitaiona ndogo, nyingine zitaganda.

Ya pili ni ngumu zaidi, nayo ndiyo ya BBC Micro. Hapa hutumiwa kadi ya SD, ile iliyotangazwa mwaka 1999. BBC Micro haikuwahi kuota habari za kadi hiyo. Lakini SD ina lugha mbili: moja ya haraka inayotumiwa na kamera na simu, na nyingine nyepesi inayopeleka biti moja baada ya nyingine kwa waya chache. Lugha hiyo ya pili hata mashine ya mwaka 1981 yaweza kuisema. Adapta huchomekwa chini ya kompyuta, katika tundu la pini 20 lililoachwa wazi kwa ajili ya vifaa vya mtumiaji, na programu ya kuielekeza mashine hutiwa katika soketi mojawapo ya chipu ndani yake. Almuradi, kompyuta hudanganywa ikadhani imepewa rundo la disketi. Faili moja tu ndani ya kadi hubeba picha za disketi 511, na yote haizidi sana MB 100.

Liko jambo jingine: umeme. BBC Micro hutumia volti 5. Kadi ya SD hutaka volti 3.3. Adapta ni lazima iupunguze umeme na kuzituliza ishara zinazokwenda kwenye kadi. Isipofanya hivyo, kadi huweza kuharibika papo hapo, au, jambo lililo baya zaidi, ikafanya kazi wiki mbili halafu ikaanza kukosea bila kutoa onyo.

Mzee wa Mombasa na disketi 14

Hiyo ndiyo sababu ya kujaribu kabla ya kuamini. Somo hilo nililipata si makumbushoni bali nyumbani kwa mzee mmoja mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Uingereza miaka mingi iliyopita akiwa fundi wa simu, na ambaye sasa amestaafu na anaishi hapo Milton Keynes. Chumba chake cha nyuma kina BBC Micro moja, meza moja, na harufu ya risasi ya kulehemu.

Marehemu mkewe alikuwa mwalimu. Kuanzia mwaka 1986 aliandika barua za kwao kwa kompyuta hiyo, akazichapisha, akazitia posta, na nakala zikabaki kwenye disketi. Zilikuwa disketi 14, ndani ya kisanduku cha biskuti. Mashine ya disketi ilikuwa imeanza kukwaruza, na mzee alijua kwamba kila akiingiza disketi humo, huenda ikawa ndiyo mara yake ya mwisho kusomeka.

Baada ya shikamoo na marahaba, nilimwuliza kwa nini asizihamishe mara moja, maadamu adapta ilikuwa imekwisha kufika.

"Mwanangu," akanijibu, "kadi hii sijaijua tabia yake. Nikimtia marehemu ndani yake leo, kesho ikanipotezea, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Basi fuatana naye, msomaji, uone jinsi fundi anavyojaribu chombo.

Kwanza alipima umeme. Alichomeka adapta bila kadi, akaiwasha kompyuta, akaweka ncha za mita yake penye tundu la kadi. Ilisoma 3.3. Akaacha dakika kumi, akapima tena.

Pili alizijaribu kadi zenyewe kwa kompyuta yake ya kisasa, mbali na ile kuukuu. Alikuwa nazo tatu. Moja iliandikwa GB 16, imenunuliwa kwa bei ya kutupa. Programu ya majaribio iliijaza nambari kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ikazisoma upya. GB 4 za kwanza zilirudi sawasawa, zilizobaki zilikuwa upuuzi mtupu. Kadi ilikuwa bandia: imefundishwa kusema ina GB 16 ilhali haina. Kadi za namna hii zimo masokoni kote duniani, na aliyewahi kununua memori kadi ya kubahatisha barabarani atajua nasema nini. Alizitambua wapi nyimbo zake zilipoishia?

Kadi ya pili ilikuwa mpya, halali, ya GB 64. Kadi za ukubwa huo hutoka kiwandani zimepangwa kwa utaratibu wa kisasa ambao programu ya BBC Micro haiujui. Angeweza kuipanga upya kwa utaratibu wa zamani uitwao FAT32, lakini mzee akatikisa kichwa. "Kwa mzigo wa kikapu, nikodi lori la nini?"

Ya tatu ilikuwa ya GB 2, iliyotoka katika simu yake ya zamani, ambamo ilikuwa ikipigia taarab. Hiyo ilirudisha kila nambari kama ilivyopewa. Akaifuta na kuipanga upya, kisha akanakili ndani yake lile faili la disketi 511 kabla ya kitu kingine chochote. Hili ni sharti, kwa sababu BBC Micro hulitaka faili hilo liwe kipande kimoja kisichokatika. Ukilitia katika kadi iliyokwisha jaa vitu vingine, hutawanywa penye nafasi, na mashine hushindwa kulifuata.

Tatu alijaribu ndoa yenyewe ya adapta, kadi na kompyuta. Alibonyeza *CAT, na orodha ikatokea kufumba na kufumbua. Mimi nilishangilia. Yeye hakushangilia. "Kusoma si kazi," akasema. "Kuandika ndiko." Akatunga programu fupi ya BASIC: iandike ukurasa wa herufi, iusome, ilinganishe, ifute, ianze upya, na ihesabu makosa. Akaiacha ikienda.

Saa moja, makosa sifuri. Saa ya pili, sifuri. Saa ya tatu hesabu ikaonyesha kosa moja, kisha manne. Kompyuta ilikuwa imepata joto. Mzee aliugusa utepe wa nyaya unaotoka kwenye adapta, na makosa yakaongezeka. Akazima, akachomoa, akatazama kwa kioo cha kukuzia: pini mbili zilikuwa na kutu. Akazisugua kwa spiriti, akazikausha, akarudisha. Safari hii programu ilikwenda usiku kucha na mchana kutwa. Tulipoihesabu, ilikuwa imepita saa 24 na kosa halikuwapo hata moja.

Laiti angeanza na barua katika ile saa ya kwanza! Zingeingia, zingeonekana ziko salama, na mahali fulani katikati herufi zingekuwa zimepotea bila yeye kujua.

Kilichopatikana, kilichokosekana

Ndipo alipofungua kisanduku cha biskuti. Kila disketi aliibandika karatasi ya gundi kwenye kijipengo cha ubavuni, maana disketi ya aina hiyo ikizibwa kijipengo haiandikiki tena hata ukikosea amri. Akasafisha kichwa cha kusomea. Akaingiza moja moja, akipakia barua kutoka disketi na kuihifadhi kwenye kadi, na baada ya kila disketi akasafisha tena.

Disketi 11 zilisomeka zote. Mbili zilitoa nusu. Moja haikutoa kitu. Kulikuwa na doa jeupe la ukungu limeizunguka kama pete, na mzee aliirudisha kisandukuni bila kusema neno.

Jaribio la mwisho lilinifurahisha zaidi. Alikuwa na barua moja ya mwaka 1987 iliyochapishwa, aliyorudishiwa na shemeji zake baada ya mama mkwe kufariki. Akaiweka karatasi hiyo kando ya skrini, akamwita mjukuu wake wa kike aisome ile ya skrini kwa sauti, naye akafuata kwa kidole kwenye karatasi. Mjukuu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga, alisoma jinsi bibi yake alivyowaeleza wa kwao kuhusu theluji, na kuomba atumiwe achari ya maembe na si peremende, kwani peremende Uingereza zimejaa tele. Kila neno lilikubaliana na karatasi. Msichana alikuwa hajawahi kuisikia barua yoyote ya bibi yake. Akaomba ya pili.

Nilipiga hesabu ya barua zote hizo. Hata kama disketi 14 zingekuwa zimejaa pomoni, zisingezidi MB 2.8. Hiyo ni kama picha moja ya simu, ile unayoipiga kwa ajali ukiitoa mfukoni na kuifuta bila kufikiri.

Kitabu cha miaka 900 na diski za miaka 15

Usidhani mambo haya huwapata watu binafsi tu. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William wa Uingereza, mali ya nchi ilihesabiwa na kuandikwa. Kitabu hicho, Domesday Book, kimeandikwa kwenye ngozi, na hadi leo kimo katika hifadhi ya taifa huko Kew, London, kinasomeka. Ilipotimu miaka 900, mnamo 1986, BBC ilitoa Domesday ya kisasa. Watu zaidi ya milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa shule walioandika habari za vijiji vyao. Yote yaliwekwa kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa na mashine ya pekee, ikiendeshwa na kompyuta ya ukoo wa BBC Micro.

Kwa kuwa mashine hizo zilikuwa ghali, chache ziliuzwa, na baada ya miaka 15 hivi ilikuwa vigumu kupata iliyo nzima. Kitabu cha ngozi kilikuwa kinasomeka. Kazi ya watoto wale ilikuwa inaponyoka. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walifanya juhudi za kuiokoa, na mwaka 2002 walionyesha njia ya kuiendesha kwa kompyuta za kisasa. Mwaka 2011 BBC ikaiweka sehemu yake katika intaneti. Tovuti hiyo nayo ilifungwa mwaka 2018, ila nakala yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na hifadhi ya taifa.

Ukilitazama jambo hili kwa makini, utaona kwamba kumbukumbu hiyo haikuokolewa na ugumu wa diski. Diski za leza zilisifiwa kwamba hazifi. Iliokolewa na watu walioihamisha kutoka chombo hadi chombo kabla ya chombo cha awali kuzimika. Na hata kadi ya SD ya mzee wetu si kaburi la milele. Kumbukumbu ya aina hiyo hushikilia chaji ndogo ndogo za umeme, nazo huvuja polepole kadi ikiachwa miaka mingi kabatini. Ndiyo maana mzee alitoa nakala tatu: moja kwenye kadi, moja kwenye kompyuta yake ya kisasa, na moja aliyompelekea binti yake anayeishi mji mwingine. Hata zile barua zenyewe alizichapisha upya kwenye karatasi.

Kabla hujafunga safari

Si lazima uende Bletchley ili upate la kufanya. Nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa na Kisumu zina sanduku juu ya kabati. Ndani yake mna kaseti ya salamu aliyorekodi babu, kanda ya video ya harusi, disketi ya tasnifu ya baba, simu iliyokufa yenye kadi ndani yake. Kila kimoja kinasubiri mashine ambayo kila mwaka huzidi kuadimika.

Ukiamua kuvihamisha, fuata desturi ya mzee. Zuia kwanza uwezekano wa kuandika juu ya kile cha asili: kwenye kaseti vunja vile vijimeno viwili vya mgongoni, na kadi nyingi kubwa za SD zina swichi ndogo ubavuni ya kuzifunga. Ijaribu kadi mpya kwa kuijaza yote na kuisoma yote kabla ya kuikabidhi kitu cha thamani. Usiridhike kuona jina la faili kwenye orodha. Lifungue, lisome, lisikilize hadi mwisho. Weka nakala zaidi ya moja, na moja isilale katika nyumba uliyomo. Kisha uandike kwenye karatasi kilichomo ni nini, sauti ni ya nani na mwaka ni upi, kwa sababu miaka 30 ijayo huenda anayekisikiliza asiwe na wa kumwuliza.

Na usisahau ile mashine yenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kaseti redio iliyokaa bure sebuleni huenda ndiyo pekee katika mtaa wenu inayoweza bado kuisoma sauti ya babu. Itafutie mkanda mpya wa mpira kwa fundi wa Luthuli Avenue, na uitumie mara hiyo moja inayohitajika.

Lakini ukipata nafasi ya safari, nenda Bletchley. Wapeleke watoto kwenye lile darasa la mashine za rangi ya maziwa, uwaache wabonyeze vitufe. Watakuuliza kompyuta hiyo iliweka wapi mambo yake. Sasa unalo jibu, na pengine watataka kujua familia yenu imeyaweka wapi ya kwake.